Dawa ya kuongeza kinga haitausaidia moyo wa baba

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 72, tunaishi Tanga. Mwezi wa pili alipata mshtuko wa moyo, akapelekwa Dar es Salaam na kuwekewa stenti moja, kile kimrija cha kuushikilia mshipa ubaki wazi. Kilichotushangaza ni kwamba si mnene, hanywi pombe, na karatasi ya maabara ilionyesha lehemu mbaya, ile LDL, ni milimoli 3.1 kwa lita, wakaandika pembeni kuwa ni kiwango cha kawaida. Daktari alituambia mshipa umeharibiwa na mafuta pamoja na kinga ya mwili wake mwenyewe, na kwamba umri umechangia. Sasa kuna mtu anatuuzia dawa ya unga ya kuongeza kinga. Anasema mzee kinga imeshuka, ndiyo maana mishipa imeziba. Je, ni kweli? Halafu baba mkubwa ana miaka 81, anavuta sigara tangu ujana na hajawahi kulazwa. Ilikuwaje yeye akasalimika? Na mimi binti yake mwenye miaka 43 nifanye nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuuguza.

Nianze na huo unga, maana ndio unaoweza kuwatia hasara mapema. Msinunue. Sisemi kwamba kinga ya mzee haijabadilika. Imebadilika, tena sana. Ila huyo anayewauzia anaizungumzia kinga kana kwamba ina kipimo kimoja, kikishuka unakipandisha. Kinga ya mtu wa miaka 72 haikushuka tu, imepoteza uwiano. Kuna kazi inazozembea kuliko zamani, na kuna nyingine inazozifanya kwa pupa pasipo sababu. Ndani ya ukuta wa mshipa wa moyo yote mawili yana madhara. Huo unga, hata kama ungefanya kweli kilichoandikwa kwenye kopo, hauwezi kuchagua uongeze kipi na uache kipi.

Ugonjwa wenyewe haukuanza uzeeni. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha walichokiona walipopasua mioyo ya wanajeshi 300 waliouawa vitani Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na zaidi ya robo tatu ya mioyo hiyo tayari ilikuwa na dalili za ugonjwa kwenye ateri. Kwa hiyo alichokuwa nacho baba mwezi wa pili, inaelekea alikuwa nacho kwa namna fulani tangu wewe hujazaliwa.

Huanza hivi. Upande wa ndani wa ateri una utando mwembamba wa seli unaogusana na damu. Chembe za LDL hupenya utando huo, hasa pale mshipa unapopinda au kugawanyika, mahali ambapo damu haipiti kwa mtiririko ulionyooka. Zikinasa huko ndani, mafuta yake huchacha. Utando huona kuna jambo na kutoa ishara, na aina moja ya seli nyeupe za damu, monosaiti, hushika ukuta na kuingia. Zikishaingia hukua na kuwa makrofaji, seli zenye kazi ya kula na kusafisha. Hula yale mafuta mpaka zikavimba. Nyuma yake huja seli T, zinazotambua vipande vya ile LDL na kuamua kama pachochewe zaidi au patulizwe. Mrundikano huo wa mafuta, seli na nyuzi ndio tunaouita plaki. Ujanani mara nyingi hukaa kimya miaka na miaka, ukifunikwa na tabaka la nyuzi imara lililotengenezwa na seli za misuli ya mshipa.

Umri unaleta nini hapo? Mengi, lakini la kwanza halimo kabisa kwenye mshipa. Limo kwenye mifupa.

Seli zote nyeupe zinatoka kwenye uboho. Kijana mwenye afya ana seli shina za damu kwa makumi ya maelfu, pengine zaidi ya laki moja, na zote zinagawana kazi ya kutengeneza damu bila hata moja kutawala. Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walisoma vinasaba vya seli hizo, moja baada ya moja, kwa watu wa rika mbalimbali. Kwa waliovuka miaka 75 hali ilikuwa nyingine kabisa: koo 12 hadi 18 tu za seli zilikuwa zinatengeneza kati ya 30% na 60% ya damu yote. Yaani seli chache, zilizopata mabadiliko ya jeni yanayozipa nguvu ya kuzaliana kuliko wenzake, zilikuwa zimejitanua polepole kwa miongo mpaka zikashika uboho. Mimi kila nikiifikiria takwimu hiyo hustaajabu. Mzee aliyekaa barazani, hana homa, hana saratani, anatembea na damu ambayo nusu yake ni wajukuu wa seli kumi na kitu.

Nyingi ya koo hizo hazina shida yoyote. Chache zina shida. Jeni zinazotajwa zaidi ni DNMT3A, TET2, ASXL1 na JAK2. Mtu akipimwa, mabadiliko ya aina hii huonekana kwa zaidi ya mmoja kati ya kila kumi waliovuka miaka 70, na kwa nadra sana kwa vijana. Zamani yalitazamwa kama njia ya kuelekea saratani ya damu, na kweli huongeza hatari hiyo. Ila mwaka 2017 ikaonekana kwamba walionayo walikuwa pia na hatari ya ugonjwa wa ateri za moyo karibu mara mbili ya wasionayo. Mwaka huohuo watafiti walichukua panya wenye lehemu nyingi, wakawapandikizia kiasi kidogo tu cha uboho usio na jeni ya TET2. Plaki zao zilikua kuliko za wenzao waliokula chakula kilekile. Sababu waliipata kwenye makrofaji: zile zisizo na TET2 zilitoa interleukini-1 beta kwa wingi, kemikali inayoita seli nyingine zije na kuwasha tishu. Makrofaji ya kawaida ikikutana na mafuta hulalamika. Hizi hupiga kelele.

Naomba usikimbilie kutafuta kipimo cha jeni hizo kwa baba. Kipo katika nchi zenye maabara kubwa, lakini leo majibu yake hayangebadilisha dawa hata moja anayopaswa kumeza. Nimekueleza ili uone kwamba neno “umri” alilosema daktari wenu lina mwili. Si neno la kujitetea.

Kwa wanaume kuna jambo jingine la ajabu kidogo: kadiri wanavyozeeka, sehemu ya seli zao nyeupe hupoteza kromosomu Y. Mwaka 2022 ilionyeshwa kwa panya kwamba seli za damu zisizo na Y zikiingia moyoni husababisha misuli ya moyo kujaa makovu. Hilo ni la misuli zaidi kuliko ateri, nalipita.

Sasa seli T. Hizi husomea kazi yao kwenye tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na thaimasi huanza kunywea mapema kuliko kiungo kingine chochote. Mtu akifika miaka ya hamsini, sehemu kubwa yake imeshageuka mafuta. Seli T mpya, ambazo hazijawahi kukutana na adui na zinaweza kujifunza lolote, huzidi kupungua. Nafasi yake hujazwa na seli za kumbukumbu, zilizokwisha kupigana na kitu fulani zamani na sasa zinajizalisha zenyewe. Hapa muuzaji wenu ana nusu ya ukweli. Ni kweli mzee akikutana na kirusi kigeni huchelewa kujibu, tuliliona hilo wazi wakati wa korona. Nusu asiyoisema ni kwamba zile seli zilizobaki si pole. Nyingi zimepoteza kidude kiitwacho CD28 kilicho juu ya seli, ambacho kazi yake ni kuhakikisha seli haiwaki mpaka ipate idhini ya pili. Bila hicho, huwaka kwa kisingizio kidogo, nazo huwa zimebeba kemikali za kuua seli nyingine.

Tangu miaka ya 1990 seli za aina hiyo zimekuwa zikionekana kwa wingi zaidi kwa wagonjwa ambao maumivu yao ya kifua hayajatulia kuliko kwa wale ambao hali yao ni tulivu. Moja ya kemikali zinazotoa ni interferoni-gama. Hiyo huzizuia seli za misuli ya mshipa zisitengeneze kolajeni, ambayo ndiyo nyuzi za lile tabaka linalofunika plaki. Tabaka likikonda, plaki hata kama si kubwa hupasuka, damu ikagusa uchafu wa ndani, ikaganda, mshipa ukaziba kwa dakika chache. Ndiyo maana mtu huweza kushinda jana yake akibeba ndoo za maji bila kupumua kwa shida, kesho yake akaanguka. Mshtuko wa moyo mara nyingi hausubiri mshipa ujae taratibu mpaka mwisho.

Virusi vya CMV vina mkono humu. Ni virusi visivyo na kishindo, ambavyo huku kwetu karibu kila mtu hupata utotoni na kukaa navyo maisha yote bila kujua. Kinga huvidhibiti kwa kuvichunga usiku na mchana, na gharama yake huonekana baadaye: kwa mtu mzima mwenye CMV, takriban sehemu moja kwa kumi ya seli T za kumbukumbu huwa zinashughulika na kirusi hicho kimoja. Wengi wa wale wenye seli T zisizo na CD28 ni watu wa CMV. Uhusiano wake na ugonjwa wa ateri umeonekana mara nyingi, ila kuonekana pamoja hakutoshi kuthibitisha kwamba kimoja kinaleta kingine, nami siendi mbali zaidi ya hapo.

Ushahidi ninaouamini zaidi juu ya seli T za uzeeni ulitoka Marekani mwaka 2023, kwa panya tena. Ndani ya plaki za panya wazee zilikuwa zimejazana seli T za aina ya CD8, za kumbukumbu, nyingi zikiwa nakala za ukoo mmoja. Walipoziondoa kwa panya wazee, plaki zilipungua. Kwa panya vijana hazikuwa na uzito huo. Seli ya aina ileile, katika mshipa wa aina ileile, ina madhara au haina kutegemea umri wa mwenye nayo. Ndiyo maana dawa iliyojaribiwa kwa panya wa miezi mitatu tu mimi huipokea kwa tahadhari. Wagonjwa wetu si vijana.

Hayo yote ni upande wa pupa. Upande wa uzembe ni makrofaji zenyewe, na kwangu hili ndilo linaloelezea plaki ya mzee kuliko jingine. Kila siku seli hufa ndani ya plaki, na makrofaji zikiwa na afya huzila mara moja, kabla hazijapasuka. Fikiria kijiji ambacho kila anayefariki huzikwa siku ileile. Msiba upo, lakini kijiji kinaendelea. Siku wazikaji wakichoka na maiti zikaanza kulala, kijiji hakikaliki. Kwa umri, makrofaji hupoteza vipokezi vya kushikia seli iliyokufa, kimojawapo kikiitwa MerTK, ambacho hukatwa na kumeng’enywa kutoka juu ya seli kwa sababu ya ule ule mwako unaozizunguka. Seli zisizozikwa hupasuka, mafuta na vimeng’enyo vyake humwagika, katikati ya plaki panakuwa na uji wa uchafu, na uchafu huo huita monosaiti nyingine. Pia kemikali za kutuliza, zinazotengenezwa mwishoni mwa kila mapambano ili kuwaambia wote warudi nyumbani, hupungua. Inflamesheni, yaani ule mwako wa kinga, inaanza vizuri na haijui kuisha.

Pana pia seli zilizozeeka zenyewe, zilizoacha kugawanyika lakini hazifi, zikibaki zinatema kemikali za kuchochea majirani. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba makrofaji za namna hiyo hujaa kwenye plaki za panya, na zikiondolewa, plaki hutulia na tabaka lake huimarika. Kwa binadamu bado dawa ya kufanya hivyo haijafika kwenye kliniki ya moyo.

Mtaalamu wa Italia, Claudio Franceschi, mwaka 2000 aliipa hali hii yote jina: mwako wa chini kwa chini unaoandamana na uzee. Si homa, hauonekani kwa macho, lakini ukipima kemikali kama CRP na interleukini-6 kwenye damu unaukuta.

Umeshaanza kuwaza, bila shaka: kumbe tatizo ni inflamesheni, basi tuizime na tuachane na habari za lehemu. Wengi wanaosoma mambo haya hupotelea hapo. Huko Bolivia wako watu wa jamii ya Tsimane, wanaoishi kwa kulima, kuvua na kuwinda kandokando ya mito ya Amazoni. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya moyo vya watu wazima 705 wa jamii hiyo, wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Nusu yao walikuwa na CRP iliyopanda, kwa sababu ya minyoo na maambukizi ya kila namna. Hata hivyo 85% hawakuwa na chokaa, alama ya plaki iliyokaa muda mrefu, hata kidogo kwenye ateri za moyo, na wapo waliofika miaka ya themanini wakiwa safi. LDL yao kwa wastani ilikuwa kama 2.3. Hawavuti sana sigara, wanatembea kutwa, presha zao ziko chini. Kinga yao inawaka, lakini ukutani hakuna mafuta mengi ya kuipa kazi.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, mafuta ndiyo yanayoanzisha kesi, na umri ndio unaobadilisha mahakimu, yaani seli za kinga. Huwezi kubadilisha mahakimu. Kesi unaweza kuipunguza.

Wapo waliojaribu upande wa mahakimu, na ni vizuri uyajue matokeo kwa sababu yanajibu moja kwa moja habari ya unga wenu. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa watu 10,061 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo na ambao CRP yao ilikuwa 2 au zaidi. Sehemu yao walichomwa kanakinumabu, sindano inayonasa interleukini-1 beta, ile inayotolewa na makrofaji zisizo na TET2. LDL haikubadilika hata kidogo, lakini kwa kipimo cha miligramu 150 matukio makubwa ya moyo na kiharusi yalipungua kwa 15%. Hapo ndipo ilithibitika kwa binadamu kwamba inflamesheni si mtazamaji tu. Lakini waliochomwa sindano walikufa kwa maambukizi zaidi kuliko wasiochomwa. Idadi ilikuwa ndogo, ila inatosha kukuonyesha kwamba kinga ya mzee ukiigusa upande mmoja, upande wa pili unalipa. Bei yake nayo haisemeki. Haikuidhinishwa kwa ugonjwa wa moyo.

Methotreksati, dawa ya zamani ya baridi yabisi, ilijaribiwa kwa dozi ndogo na haikusaidia kitu. Haikushusha hata CRP. Halafu kuna kolkisini, dawa ya jongo, rahisi na ya miaka mingi. Kwa nusu miligramu kwa siku, utafiti wa 2019 ulionyesha matukio kupungua kwa 23% kwa waliotoka kupata mshtuko wa moyo, na wa 2020 kwa 31% kwa wenye ugonjwa uliotulia. Marekani ikaiidhinisha mwaka 2023. Mwaka 2024 ukaja utafiti mkubwa zaidi wa watu waliotoka kupata mshtuko, na haukuona faida yoyote. Kwa hiyo ni suala la kuzungumza na daktari wake, si la kwenda dukani. Mwenye figo dhaifu inaweza kumdhuru vibaya, na ikikutana na baadhi ya antibayotiki, klarithromaisini kwa mfano, hugeuka sumu.

Turudi kwa baba. Ile LDL ya 3.1 ni “kawaida” kwa mtu ambaye hajawahi kuugua moyo. Karatasi ya maabara haijui nani amewekewa stenti. Kwa mtu kama yeye, miongozo ya madaktari wa moyo ya Ulaya inataka iwe chini ya 1.4, tena iwe imeshuka angalau nusu ya ilipokuwa. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza kliniki: anameza statini gani, dozi gani, na lini atapimwa tena. Statini hushusha LDL na pia hupunguza CRP. Akisikia miguu inauma aseme, dozi au aina ibadilishwe, asiiache kimyakimya. Dawa za kuzuia damu kuganda alizopewa baada ya stenti asikose hata siku moja mpaka daktari aseme. Na kama statini yake ni atovastatini au simvastatini, aache balungi, maana huzuia utumbo kuivunja dawa na dawa hujaa mwilini. Machungwa matamu ya Muheza hayana shida, ale.

Pia mjue kwamba mshtuko wenyewe huuchochea uboho. Utafiti wa panya wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba baada ya mshtuko wa moyo uboho na bandama humwaga monosaiti kwa wiki nyingi, na plaki zilizo kwingine huongezeka kasi. Ndiyo maana mwaka huu wa kwanza tunaufuatilia kwa ukali. Stenti imefungua mahali pamoja. Mishipa mingine ni ya mzee yuleyule.

Ukitaka kweli kuongeza kinga ya baba, njia ipo, nayo ni chanjo. Huko Kanada ilionekana mwaka 2018 kwamba katika siku saba baada ya mtu kuthibitika ana mafua makali ya influenza, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda mara sita. Mwili unapigana na kirusi, plaki inasikia. Na mwaka 2021 utafiti mwingine uliwapa chanjo ya influenza watu waliotoka kupata mshtuko, wengi wao wakiwa bado hospitalini. Kwa mwaka mmoja vifo, mishtuko na stenti kuziba, vyote kwa pamoja, vilipungua kwa 28%. Chanjo humfundisha mzee adui mmoja anayejulikana kwa zile seli chache mpya alizobakiwa nazo. Haimwashi mwili mzima. Ulizieni, hapo Tanga au mkienda Dar, na mwulize pia ya nimonia. Akianza kukohoa na homa msikae naye nyumbani wiki nzima mkimpa asali na tangawizi peke yake.

Kuhusu unga wenyewe niongeze hili. Dawa nyingi za namna hiyo hazijulikani zina nini. Baadhi, katika nchi mbalimbali, zimekutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi, ambazo humfanya mzee ajisikie ana nguvu kwa wiki mbili huku zikipandisha presha na sukari. Zile zenye mizizi ya urukususu, au susu kama wengine wanavyoiita, nazo hupandisha presha zikitumika kwa wingi.

Nitaje kundi moja zaidi, kwa sababu barua kama yako nazipata pia kutoka kwao. Watu wanaoishi na VVU, hata wanaotumia dawa vizuri na virusi havionekani, kinga yao hubaki imewashwa na seli zao T hufanana na za mtu mwenye umri mkubwa zaidi. Mwaka 2023 utafiti wa watu 7,769 wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12 ikiwemo Uganda, ulionyesha kwamba statini iitwayo pitavastatini ilipunguza matukio ya moyo kwao kwa 35%, ingawa hawakuwa na lehemu nyingi. Anayehusika aulize kliniki yake ya CTC.

Wewe mwenyewe usiogope kupita kiasi. Tunahesabu kwamba mzazi aliugua mapema ikiwa baba aliugua kabla ya miaka 55 au mama kabla ya 65. Baba yako aliugua akiwa na 72, hilo halikuweki kwenye kundi la hatari kubwa. Pima presha, sukari na LDL mwaka huu. Ukikaribia kukoma hedhi upime tena, kwa sababu LDL huwa inapanda wakati huo. Tembea kwa kasi na ulale vya kutosha; si maneno ya kubandika ukutani tu, kwa panya imeonyeshwa kwamba mazoezi na usingizi hupunguza seli za uchochezi zinazotoka kwenye uboho. LDL unayoishusha ukiwa na miaka 43 ni miaka thelathini ya mafuta yasiyoingia ukutani, kabla mahakimu hawajazeeka.

Na baba mkubwa? Kwanza, hatujui kama amesalimika. Hajawahi kulazwa, basi. Wazee wengi wana plaki zilizojaa chokaa zisizowauma. Pili, ni seli shina ipi itapata mabadiliko gani, na ukoo upi utashika uboho, ni jambo la kubahatisha kwa kiasi kikubwa. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuzeeka na damu mbili tofauti kabisa. Ila sigara si ya kubahatisha: wavutaji wanakutwa zaidi na yale mabadiliko ya jeni ya ASXL1. Mwambie aache sasa, kwa sababu wepesi wa damu kuganda hupungua ndani ya wiki chache, hata kwa mtu wa miaka 81. Na siku mnampeleka baba kliniki, mpandisheni na yeye gari lilelile, apimwe presha.